Upande Safi wa Karatasi

Wakili alimwambia asahau kusoma mpaka saa saba mchana.

"Baada ya hapo utakumbuka tena," Ritah alisema kupitia nondo. "Lakini ukiwa mle ndani, mama, hujui a wala be."

Namwase alikuwa amesimama kwa mguu mmoja. Kamba ya kandambili yake ya kushoto ilikatika ndani ya gari la magereza, na sakafu ya chumba cha mahabusu pale mahakamani Mbale ilikuwa na maji tangu asubuhi, tangu mwanamke mmoja aliyeshikwa na kifafa alipoipiga teke ndoo ya kujisaidia. Walikuwa kumi na mmoja. Benchi lilitosha wanne. Zamu ya Namwase ya kukaa ilikuwa imekwisha.

Ritah alikuwa wakili aliyepewa na serikali. Alikuja kwa boda boda kutoka Nkoma na vumbi lilikuwa bado kwenye nyusi zake. Siku hiyo alikuwa na kesi sita, na mafaili yote sita yalikuwa ndani ya mfuko mmoja wa plastiki.

"Nikiulizwa?" Namwase alisema.

"Ukiulizwa kama ulijua kusoma siku ile ya karatasi, utasema hapana. Si ndiyo kweli?"

"Ndiyo kweli."

"Basi hujadanganya. Wasipouliza habari za leo, usiwape habari za leo."

"Na Mungu?"

Ritah alitazama saa yake. "Mungu anajua tarehe, mama."

Kisha akaeleza tena, haraka, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia huku gari likiondoka. Mwendesha mashtaka, Bwana Jude, alikuwa anataka hakimu aamini jambo moja tu: kwamba Namwase alijua karatasi ile ni ya siri. Bila kujua, hakuna kosa kubwa. Kwa kujua, ni miaka kumi na minne. Upande wa utetezi una daftari la ofisi lenye alama za dole lake gumba, kurasa na kurasa. Mtu anayeweka dole hajui kusoma. Kila hakimu analijua hilo.

"Karani atasoma kiapo, wewe utamfuata maneno," Ritah alisema. "Kama kasuku. Usimtangulie."

Alipoondoka, Namwase alibadilisha mguu. Alikuwa na miaka arobaini na minne. Alishafanya hesabu hiyo usiku mwingi, hakuhitaji kuifanya tena. Binti yake Brendah alikuwa na kumi na sita.

Alifumba macho akaomba. Hakuomba kuachiwa, aliogopa kuomba jambo kubwa namna hiyo akiwa amesimama kwenye mkojo. Aliomba asahau.

*

Ofisi alikofanya kazi Jinja haikuwa na kibao mlangoni. Watu wa mtaa waliiita ofisi ya usalama, na waliopita karibu nayo walipunguza sauti. Namwase alifagia pale miaka tisa. Alipeleka chai, alibeba barua kutoka chumba hadi chumba, na kila Ijumaa alichoma karatasi ndani ya pipa nyuma ya jengo.

Siku ya kwanza kabisa, Bwana Herbert, mkubwa wa ofisi, alimpa karatasi na kibweta cha wino.

"Hiki ni kiapo. Weka dole hapa."

"Kinasema nini, bwana?"

"Kinasema unyamaze."

"Basi nimeshanyamaza."

Bwana Herbert alicheka. Hakuwa mtu mbaya wa kila siku. Alimuuliza habari za mtoto, na Krismasi alimpa sukari. Sheria ilitaka karatasi za kikapu chake zichomwe mbele ya maofisa wawili, wasimame pale mpaka zigeuke majivu. Lakini moshi ulikuwa unaharibu shati, na ofisa wa pili alikuwa safarini siku zote. Kwa hiyo kila Ijumaa saa tisa Namwase alibeba kikapu peke yake, na alipokuwa bado hajawasha kiberiti, Bwana Herbert alikuwa ameshaandika kwenye daftari la kuchoma kwamba zote zimekwisha, mbele yake na mbele ya mwenzake. Namwase aliporudi ndani, mikono ikinuka moshi, aliweka dole chini ya maandishi hayo.

Kwa miaka mingi alikuwa na ombi moja ambalo hakumwambia mtu. Alitaka kusoma Zaburi bila kusomewa. Kanisani alikifungua kitabu cha nyimbo mahali popote na kuchezesha midomo na wenzake. Mama mmoja aliyekaa karibu naye aliwahi kumnong'oneza, "Mama Brendah, tuko ukurasa mwingine," naye akafunua kurasa tatu nne, akatulia pengine pasipo sahihi vilevile.

Ndipo Mwalimu Semei alipoanzisha darasa la watu wazima kwenye ukumbi wa kanisa pale Wanyange, karibu na ziwa, Jumanne na Alhamisi saa kumi na moja jioni. Namwase alipanga chumba hukohuko Wanyange. Alikuwa wa kwanza kufika. Mwalimu alimpa kitabu, naye Namwase akakifungua akakishika mbele ya uso wake kwa mikono miwili, na darasa likaangua kicheko. Mwenzake Jibril, dereva wa boda boda aliyekuja darasani na helmeti kichwani, alimwambia, "Mama, kitabu chako kimelewa. Kimesimama kwa kichwa."

Mwalimu Semei hakucheka. Alikigeuza polepole mikononi mwake. "Herufi zina miguu," alisema. "Ukipewa karatasi yoyote, kabla ya yote, isimamishe kwa miguu yake." Tangu siku hiyo Namwase hakushika karatasi bila kutafuta miguu. Pakiti ya chumvi. Tiketi. Barua za Bwana Herbert, alipozipeleka mezani, alizilaza upande ulio sawa, hata kama hakujua zinasema nini.

Darasa lilihitaji karatasi za mazoezi, na ndani ya kikapu cha Bwana Herbert zilikuwamo karatasi nyingi nzuri zilizoandikwa upande mmoja tu. Upande wa pili ulikuwa mweupe kabisa. Namwase alipochoma, alianza kuzitenga mbili tatu. Hakuona kwamba anaiba. Kitu kilichokuwa kinaenda motoni hakikuwa cha mtu.

Mwezi wa sita mwalimu aliwapa kazi. "Leteni neno mnaloliona kila siku na hamlijui. Linakilini mara kumi, vizuri." Jibril alileta neno la kwenye tairi lake. Mwanamke mwingine alileta la kwenye gunia la sukari. Namwase aliligeuza jani moja la kikapuni na kunakili, upande safi, neno la muhuri mwekundu lililokuwa upande ule mwingine. Lilikuwa neno la Kiingereza lenye herufi sita. Aliijua sura yake kama anavyojua sura ya jirani ambaye hajawahi kusalimiana naye. Alilichora mara kumi, akifuta kwa ukucha palipokosewa.

"Unajua umeandika nini?" Mwalimu Semei aliuliza.

"Hapana, mwalimu."

"Hili neno maana yake ni siri."

"Mama Brendah ana siri," Jibril alisema, na wote wakacheka, naye akacheka nao.

Mwalimu aliweka alama ya tiki, akaandika kwa kalamu nyekundu *Vizuri sana*, akaitundika karatasi kwa kibanio cha nguo kwenye kamba iliyokatiza ukumbi, pamoja na kazi nyingine tano bora. Ukumbi ulikuwa na taa moja na mbu wengi. Hakuigeuza.

Jumamosi Siraje, mfanyabiashara wa samaki, alikuja kuazima viti vya plastiki kwa ajili ya harusi ya mpwa wake. Viti vilikuwa nyuma ya kamba. Alipoinama kuviinua, aliona jina lake nyuma ya karatasi moja. Jina la baba yake lilifuata, na namba ya nyumba yake. Chini yake yalikuwa majina mengine, na chini ya majina tarehe, na mstari uliosema nyumba zitaondolewa bila notisi ili kuepusha usumbufu. Siraje aliweka viti chini akatoa simu, akapiga picha. Kufikia Jumapili mchana kila mtu Wanyange alikuwa nayo. Jumatatu walikwenda redioni.

Jumanne, kabla ya darasa, waliokuja kumchukua Namwase walikuwa wanne. Aliwajua wote. Alikuwa akiwapikia chai.

Matingatinga hayakuja tarehe ile. Yalikuja mwezi wa tisa. Mara hiyo ilitangazwa redioni siku mbili kabla, majina yote, kwa sauti ya mwanamke mpole, na baada ya tangazo wakapiga muziki. Chumba cha Namwase kilikuwa cha nne kutoka njiani. Brendah aliokoa godoro na sufuria, akaja Mbale kwa mama yake mdogo Oliver, huko Malukhu, na kwa kuwa hapakuwa na namna ya shule, akakaa kwenye kibanda cha Oliver kuuza vocha na mkaa. Wakati huo kesi ilikuwa imeshahamishiwa Mbale. Walisema ni kwa sababu za usalama: pale Jinja watu wa Wanyange walikuwa wanajaa mahakamani na kukaa kimya, na ukimya ule haukupendwa.

*

Gerezani Mbale ndiko alikojifunza kusoma kweli. Alifika akijua herufi, jina lake na maneno machache. Afande Racheal, askari wa zamu ya asubuhi, mtu wa kaskazini aliyezungumza Kiswahili cha kambini, alimkuta akichora herufi kwa kijiti kwenye vumbi la uwanja.

"Wewe mama Jinja, naandika ama nacheza?"

"Najifunza, afande."

Siku tatu baadaye Afande Racheal alimletea Biblia ya Kiswahili chini ya sweta. Haikuwa na jalada, na Mwanzo ilikuwa imeng'oka mpaka sura ya kumi na mbili. Kuingiza kitu kwa mfungwa bila kibali kulikuwa kunafukuzisha kazi, na Afande Racheal alikuwa na watoto watatu Lira na mume asiyeonekana.

"Hii kitabu hukupewa na mtu," alisema. "Ulikuta. Ni siri yako na yangu. Nasikia?"

"Nasikia, afande."

"Wewe siri ilikushinda mara moja. Hii isikushinde."

Alisema kwa mzaha, lakini macho yake hayakucheka.

Kila asubuhi, kwenye foleni ya uji, Afande Racheal alisimama nyuma yake na kumsahihisha kwa sauti ya chini. Mwezi wa kumi na moja Namwase alisoma Zaburi moja kutoka mwanzo mpaka mwisho. Ilimchukua karibu saa nzima. Alipomaliza alikaa na kitabu mapajani. Mwezi wa kwanza wa mwaka mpya wanawake wengine walikuwa wameanza kumletea barua zao awasomee. Walimwita Mwalimu.

*

"Namwase!" askari wa mahakama aliita.

Chumba cha mahakama kilikuwa na feni isiyozunguka. Brendah alikuwa benchi la tatu, kando ya Oliver, amevaa sketi yake ya shule kwa kuwa ndiyo nguo nzuri aliyokuwa nayo. Mwalimu Semei alikaa nyuma kabisa. Aliwekwa ndani siku mbili mwezi ule wa sita, akatoka akiwa shahidi wa serikali. Siku ya ushahidi wake, wiki iliyopita, Bwana Jude alimwonyesha nakala ya upande safi wa karatasi.

"Mshtakiwa alikuwa mwanafunzi wa namna gani?"

"Alijua herufi chache tu. Hakujua maneno."

"Sikuuliza hilo, mwalimu. Nasoma hapa, kwa kalamu nyekundu. Nani ameandika?"

"Mimi."

"Umeandika nini?"

"Vizuri sana."

"Vizuri sana," Bwana Jude alirudia, akaketi.

Upande wa pili wa karatasi haukuonyeshwa. Ulikuwa ndani ya bahasha ya kaki iliyofungwa kwa lakiri, mezani pa hakimu, na wala Ritah hakuruhusiwa kuusoma. Siku hiyohiyo ya wiki iliyopita Ritah alisimama akauliza ni siri gani iliyobaki, kama orodha yote ilisomwa redioni na nyumba zenyewe zimeshaondolewa.

"Nyumba zimeondolewa," Bwana Jude alikubali. "Muhuri haujaondolewa."

Bwana Herbert naye alikuwa ametoa ushahidi. Alikuja na suti mpya; alikuwa amepandishwa cheo, alikuwa sasa Kampala. Alimsalimia Namwase kwa kichwa, kama zamani.

"Sheria inataka maofisa wawili wasimamie kuchoma?" Ritah alimuuliza.

"Ndiyo."

"Wewe ulisimamia?"

"Nilisimamia."

"Ukiwa wapi?"

"Ofisini kwangu."

"Ofisi yako ina dirisha la kuliona pipa?"

Bwana Herbert alimgeukia hakimu. "Mheshimiwa, mambo ya madirisha ya jengo lile siwezi kuyasema mbele ya watu. Ni siri."

Hakimu alikubali. Ritah akaomba basi daftari la kuchoma lionyeshwe, na hilo likaruhusiwa. Lilikuwa na madole. Ijumaa baada ya Ijumaa, doa la zambarau chini ya maandishi ya Bwana Herbert. Namwase aliyatazama kutoka kizimbani. Alikumbuka Ijumaa moja ya mwezi wa tano, alipokuwa tayari anaweza kuandika jina lake lote, alipomwomba Bwana Herbert kalamu.

"Ya nini?"

"Niandike jina, bwana. Nimejifunza."

"Weka dole kama kawaida, Namwase. Usituharibie daftari."

Aliweka dole. Ritah aliposikia habari hiyo gerezani, alifurahi mpaka akapiga meza. "Mungu ambariki huyo bwana," alisema. "Ametuachia ushahidi."

Sasa hakimu, mtu wa makamo mwenye mafua, alipangusa pua akamtazama Namwase juu ya miwani. Mkalimani wa Lusoga, lugha ya Namwase, hakuwapo Mbale. Kesi ilikuwa inakwenda kwa Kiswahili tangu mwanzo.

"Mshtakiwa, unaweza kunyamaza, unaweza kusema bila kiapo, ama kuapa. Unachagua nini?"

"Kuapa, mheshimiwa."

Hivyo ndivyo walivyopanga. Maneno ya kiapo yana uzito, Ritah alisema. Na Namwase mwenyewe alitaka. Kwa miezi minane kila mtu aliyesimama pale aliapa kwanza kabla ya kusema habari zake.

Karani alikuwa mzee mwembamba aliyeapisha watu tangu saa tatu asubuhi. Alimpa Biblia mkono wa kulia. Kwa mkono mwingine alimpa kadi ya kiapo, iliyogandishwa ndani ya plastiki iliyochakaa kingo, bila kumtazama. Alikuwa na nakala yake mwenyewe na alikwisha vuta pumzi ili aanze kusoma.

Kadi ilikuwa juu chini.

Namwase aliigeuza.

Ilikuwa jambo dogo kabisa. Vidole vyake viliizungusha kadi mara moja, vikaituliza kwa miguu yake, kama vilivyofanya kwa kila karatasi kwa muda wa mwaka mzima. Yeye mwenyewe hakujua kwamba ameigeuza mpaka aliposikia ukimya. Karani alikuwa bado na pumzi kifuani. Ritah alikuwa amefumba macho.

"Mheshimiwa," Bwana Jude alisema taratibu, "naomba karani asisome. Na naomba mahakama iandike ilichokiona."

"Napinga," Ritah alisema. "Mtu amegeuza kadi. Tangu lini kugeuza kadi ni ushahidi?"

"Kwa nini ameigeuza?" Bwana Jude aliuliza, na hakuwa anamuuliza mtu yeyote.

Hakimu aliweka kitambaa chini. "Mama, kwa nini umeigeuza?"

Namwase aliitazama kadi. Maneno yalikuwa yamesimama wima, meusi, karibu sana. Alijaribu kuyasahau. Alijaribu kwa nguvu zake zote, mkono wake wa kulia ukiwa juu ya kitabu alichokuwa amekiomba kwa Mungu miaka mingi kuliko umri wa Brendah, na kila alipolitazama neno, neno lilisema.

"Ilikuwa imesimama kwa kichwa, mheshimiwa."

Mtu alicheka nyuma, akanyamazishwa.

"Umejuaje?"

Namwase aliitazama tena kadi.

"Soma," hakimu alisema.

Alisoma. Alianza kwa sauti ndogo, kidole chini ya mstari kama alivyofundishwa, kisha sauti ikakua yenyewe. Alisoma kwamba anaapa kwa Mwenyezi Mungu. Alisoma kwamba ushahidi atakaoutoa utakuwa kweli, kweli tupu. Hakuruka neno. Katika benchi la tatu Brendah alikuwa amesogea mbele, midomo yake ikimfuata mama yake herufi kwa herufi, na Namwase alipofika nukta ya mwisho bila kosa, binti alitabasamu, kabla Oliver hajamshika goti.

Brendah hakuwahi kumsikia mama yake akisoma. Ripoti zake zote za shule zilirudi na dole.

Ritah alikuwa wima. "Mama, mwambie mheshimiwa ulijifunza lini kusoma."

"Gerezani."

"Kabla ya hapo?"

"Herufi tu. Maneno machache."

"Gerezani hapana darasa," Bwana Jude alisema. "Nina barua ya mkuu wa gereza. Hakuna darasa, hakuna vitabu. Nani alimfundisha?"

"Mama," Ritah alisema, na sauti yake ilikuwa inamsukuma, "nani alikufundisha? Tumwite aje aseme. Mtu mmoja tu, aseme alikukuta hujui kusoma."

Afande Racheal alikuwa mlangoni. Ndiye aliyekuwa zamu ya kuwasindikiza siku hiyo. Alikuwa amesimama wima, mikono nyuma, akitazama feni isiyozunguka. Shingo yake ilikuwa inang'aa jasho. Hakumtazama Namwase hata mara moja.

Namwase alisikia feni ya chumba cha jirani. Alisikia karani akikuna karatasi.

"Nilijifunza tu," alisema.

"Kwa nani?" Sasa aliyeuliza alikuwa hakimu.

"Siwezi kusema, mheshimiwa."

"Umeapa, mama."

"Nimeapa."

"Ni siri?" Bwana Jude aliuliza, na safari hii hata askari wa mahakama alicheka. Alingoja kicheko kiishe, akachukua nakala ya upande safi wa karatasi, akaiweka mbele ya Namwase. Aliiweka sawa, kwa miguu yake. "Neno hili mara kumi. Ni mwandiko wako?"

"Ni wangu."

"Mwalimu wako alikuambia maana yake?"

"Aliniambia."

"Siku gani?"

"Siku hiyohiyo."

"Karatasi ikiwa mbele yenu."

"Ndiyo."

"Akakuambia neno hili ni siri. Wewe ukafanya nini?"

Angeweza kusema aliogopa. Angeweza kusema hakuelewa. Alimwona Mwalimu Semei kule nyuma ameinamisha kichwa, na akaukumbuka ukumbi ule, taa moja na mbu, na mkono wa mwalimu ukibana karatasi yake juu ya kamba.

"Nilifurahi," alisema.

"Ulifurahi."

"Lilikuwa neno langu la kwanza."

Bwana Jude hakuwa na swali lingine. Ritah aliuliza mawili, akaacha la tatu katikati. Hakimu aliandika muda mrefu. Kisha akapiga chafya, akasema hukumu itasomwa baada ya wiki mbili, mshtakiwa arudishwe rumande, na maelezo yake ya leo asomewe ayatie sahihi.

"Asomewe?" karani aliuliza.

Hakimu alifikiri. "Ayasome," alisema.

Karani alileta kurasa nne kwenye ubao wa kizimba. Namwase alizisoma zote, kidole chini ya mstari, huku kesi iliyofuata ikianza kuitwa na watu wakimpita kuingia. Palikuwa na neno moja ambalo hakulijua. Mengine yote aliyajua. Yalikuwa maneno yake, yameandikwa vizuri, na kila moja lilikuwa mahali pake.

Karani, kwa mazoea, alikuwa ameshafungua kibweta cha wino. Alikisogeza kuelekea dole lake gumba. Kisha akasita, akamtazama Bwana Jude, ambaye alikuwa anafunga mkoba wake na akatikisa kichwa kidogo kukataa.

Karani alikifunga kibweta. Alitoa kalamu mfukoni mwake, akaifungua kifuniko, akampa.

Namwase aliishika. Mbele ya serikali hakuwahi kupewa kalamu. Aliinama juu ya karatasi, akaitazama kwanza kama imekaa sawa, na akaanza kuandika jina lake, polepole, herufi zote, huku Afande Racheal akimngoja mlangoni na pingu.